Msokoto wa Kushoto

Kituo cha doria, 4 Machi

Dada,

Shikamoo. Natumaini shemeji na wapwa zangu hawajambo, na mgahawa wako bado unajaa madereva wa malori. Mimi ni mzima. Tangu nihamishiwe kituo hiki cha karibu na nyumbani nimenenepa kidogo, na wa kulaumiwa ni wewe. Breki, dereva wetu wa lori la posho, alinikabidhi ile nyama kavu ya mbuzi uliyotuma. Nilipanga kuificha chini ya kitanda niile peke yangu, lakini harufu ilinisaliti. Wenzangu waliivamia. Hata Mkuu wa kituo, mtu asiyesifu kitu, alirudi mara ya pili na sahani yake akasema mbuzi wa kwenu wanakula majani mazuri.

Simu huku hazishiki hata ukipanda juu ya tangi la maji, kwa hiyo tuendelee hivi hivi kwa barua. Tena jambo la leo ni afadhali liwe ndani ya bahasha.

Kazi yetu kubwa siku hizi si kukimbizana na watu wenye bunduki. Ni kutembea tukiondoa mitego ya waya, ule unaotoka kwenye tairi zilizochomwa. Juzi kwenye vichaka vya ng'ambo ya mto niliinama kukata mmoja, mikono ikagoma. Ule msokoto niliujua. Umezungushwa kwenda kushoto, halafu ncha imerudishwa ndani ili isimchome anayetega. Ni msokoto wa Baba. Nilikuwa nikiiona mitego ya namna ile nyuma ya mlango wa jiko letu kabla sijajua kusoma, na katika miaka yote ya kazi hii sijamwona mtu mwingine anayefunga hivyo.

Baba tumeshamzika. Mimi navaa sare. Anayebaki katika nyumba ile ni shemeji, aliyemuuguza Baba mpaka mwisho, na bila shaka alifundishwa. Sijamwambia mtu. Mwambie aache. Mwambie kwa ulimi wako ule unaomfanya mtu aache hata asichokifanya. Mimi sasa ni naibu wa doria, Dada. Nikimkuta porini sitakuwa shemeji yake.

Mdogo wako,
Kobe


Nyumbani, 11 Machi

Kobe mdogo wangu,

Marahaba. Na hongera kwa cheo. Sasa hata barua zako zinatembea kwa gwaride.

Nimemsomea shemeji yako ulichoandika, akacheka mpaka akashika mbavu. Mtu ambaye siku ya kuchinja kuku huenda kukaa kwa jirani mpaka manyoya yaishe kufagiliwa! Yeye anajua matofali na mchanga, basi. Huko porini atafuata nini, kupima kichuguu kama kimesimama wima?

Lakini umeanza wewe, kwa hiyo nisikilize. Ulipokuwa shule ulikuwa na viatu. Watoto wengi wa mtaa ule walikwenda peku. Uliwahi kuuliza vilitoka wapi? Hukuuliza. Ulikuwa umekaa mlangoni unanyonya mfupa huku ukisoma kwa sauti ili tujue una akili. Wakati huo hakuna aliyetuita majangili. Tuliitwa watu waliokula. Kisha wakaja mabwana wa hifadhi na vigingi, wakavipigilia ng'ambo ya mto, na asubuhi yake tulichokuwa tukikifanya jana kikawa wizi. Mnyama ni yule yule, kichaka ni kile kile, na watoto wana njaa ile ile.

Sisemi kila anayetega ana haki. Wapo wanaoua kwa ajili ya kupakia malori, na hao hata mimi nikiwaona nitakuitia. Ila usiniletee habari za waya kana kwamba hukulelewa na waya.

Halafu nijibu hili, naibu: nyama mnayoikamata mnaipeleka wapi? Maana hapa haijafika.

Mbuzi wamekwisha, usitegemee kifurushi mwezi huu.

Dada yako,
Siafu


Kituo cha doria, 29 Machi

Dada,

Shikamoo. Leo sina mzaha.

Jana tuliona tai wengi wamekaa mitini bila kushuka. Tai wakikaa hivyo, mnyama bado yu hai. Tulikuta twiga jike. Waya ulikuwa umemshika mguu wa mbele, juu kidogo ya kwato, na upande wa pili umefungwa kwenye mti. Alikuwa ameuzunguka mti ule mpaka ardhi imebaki vumbi tupu. Waya ulikuwa umefika mfupani na funza walishaingia. Alitutazama tu. Hakuwa na nguvu hata ya kutuogopa.

Mganga wa wanyama yuko safari ya siku nzima. Mkuu alinipa bunduki. Risasi ya kwanza haikumuua, nikapiga ya pili. Alipoanguka tukaona maziwa yanamtoka. Mtoto wake tulimtafuta mpaka jua likazama, hatukumwona, na huko kuna fisi.

Uliuliza nyama tunaipeleka wapi. Tunaimwagia dizeli tunaichoma, ili mtu asipate faida. Hiyo ndiyo kanuni. Nilisimama nikinusa twiga mzima anaungua, na najua ni watoto wangapi kijijini wanakwenda shule na chai ya rangi tumboni. Niliona aibu ya moto ule pia. Lakini moto ule sikuuanza mimi.

Msokoto ni ule ule, Dada, kwenda kushoto, ncha ndani. Baba hakuwahi kulaza mtego asiende kuutazama alfajiri. Alikuwa akisema mnyama afe haraka au asishikwe kabisa. Huyu aliuacha siku nyingi akaenda zake. Kwa njaa ningeweza kunyamaza, na nilishanyamaza. Kwa hili siwezi.

Mkuu amekata shauri kupekua nyumba za kando ya barabara, kuanzia wiki ijayo. Nikigundulika nimekuandikia hili, kazi sina. Shemeji aje mwenyewe na waya wake. Akija kwa miguu yake nitamsemea. Tukimfuata, nitanyamaza.

Kobe


Nyumbani, 3 Aprili

Kobe,

Barua yako nimeikuta mezani, nimetoka hospitali jana jioni. Shemeji yako alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, ghorofa ya pili, katikati ya mwezi uliopita. Nyonga imevunjika. Muda wote huo nimelala sakafuni chini ya kitanda chake, watoto wakiwa kwa jirani, mgahawa umefungwa. Hakuna aliyekwenda popote. Hakuna aliyetazama chochote.

Nimeisoma habari ya twiga. Nimeisoma tena.

Shemeji yako anatembea kwa magongo na kujifunza upya kukaa. Hawezi kuja kwako. Nipe muda apone kidogo, halafu nitakuja mimi tuzungumze uso kwa uso. Kuna mambo hayaandikiki. Mwombe Mkuu wako asubiri.

Siafu


Rumande, 20 Aprili

Kwa shemeji yangu,

Salamu. Natumaini u mzima. Mimi mzima isipokuwa nyonga, na nyonga nayo ingekuwa nzima kama sakafu hii ingejengwa na fundi. Wameiacha mteremko upande wa mlango, maji yote ya kuogea yanakuja kulala na mimi.

Ninaandika ili usisumbuke. Mlipokuja kupekua, ukasimama mlangoni ukitazama paa, nilijua unaona vibaya. Usione vibaya. Uliona mwenyewe waya ulivyotolewa nyuma ya jiko la mgahawa, na nilisema mbele ya wote kwamba ni wangu. Nasema tena hapa. Mitego niliitega mimi. Niliifunga juu kabisa kwenye matawi ili shingo ya twiga ifike, ndiyo maana akanaswa. Nilijifunza kwa marehemu mzee. Nitakiri mbele ya hakimu, na wewe ukiulizwa useme unachokijua, mambo yaishe mapema.

Nina ombi moja. Dada yako ana uchungu sasa na anaweza kusema mengi. Usimsikilize sana. Mwanamke mwenye uchungu husema lolote ili mumewe arudi. Watoto wanamhitaji nyumbani kuliko wanavyonihitaji mimi, fundi asiyeweza kupanda ngazi.

Wasalimie wenzako. Yule mrefu alinipakia kwenye gari kwa upole, mwambie nimeshukuru.

Shemeji yako,
Fundi


Nyumbani, 24 Aprili

Kobe,

Siku mliyokuja kupekua nilikuwa kisimani. Niliporudi gari lenu lilikuwa limeshawashwa na wewe umekaa mbele, kioo umepandisha. Nilimwambia Mkuu wako kwamba waya ni wangu. Alinipigapiga begani akasema, "Mama, kila mke husema hivyo." Askari wakacheka. Kwa hiyo nakuandikia wewe, kwa sababu wewe unaweza kuamini ukitaka.

Unaposema msokoto wa Baba, unamkumbuka Baba akisokota? Fikiri vizuri. Hukumwona hata siku moja. Uliona mitego iliyokwisha kufungwa imetundikwa nyuma ya mlango. Baba alikuwa mtu wa mkono wa kulia, na mtu wa mkono wa kulia husokota kwenda kulia. Mimi ndiye mashoto wa nyumba ile. Umesahau nilivyokuwa nikichapwa mkono mezani, na wewe unacheka?

Macho ya Baba yalianza kufa ulipokuwa hujaota meno. Hakutaka mtu ajue. Alinifundisha kwa maneno, yeye amekaa, mimi nikifunga, na nilipoweza kufunga aliniachia yote. Nilikuwa nikitoka kabla hujaamka, narudi na nyama, yeye anaibeba mpaka kwa wateja ili waseme mzee bado ana nguvu. Ndiyo maana niliacha shule. Uliambiwa niliacha kwa sababu sikupenda hesabu. Sikuwahi kukuambia kwa kuwa Baba aliniapisha, na baadaye kwa kuwa ulikuwa umeshavaa sare na ulikuwa ukijivuna, na mimi nilikuwa najivuna na wewe.

Ujenzi uliposimama mwaka jana na shemeji yako akakaa bila kazi, nilirudi mtoni. Sikuua kwa biashara kubwa. Swala, digidigi, basi, nyama ya sufuria la mgahawa na ya watoto. Yule mbuzi ambaye Mkuu wako alimrudia na sahani alikuwa swala. Sikucheka nilipokuandikia kwamba mbuzi wamekwisha, usidhani.

Nilikuwa na mitego minne siku waliyokuja kuniambia mume wangu ameanguka. Nilipanda gari na kanga iliyokuwa mwilini. Niliikumbuka mitego tukiwa tumeshafika hospitali, na nikajiambia ni ya swala, waya mdogo, hauwezi kumshika mkubwa. Hilo nalo lilikuwa uongo wa kujipoza. Ningeweza kumtuma mtu aitegue. Niliogopa atajua. Nikalala pale sakafuni usiku baada ya usiku nikiwa najua.

Kwa nyama sijuti, Kobe. Ukinipeleka mbele ya Mungu na mbele ya Mkuu wako nitasema sijuti. Kwa twiga najuta, na kwa mtoto wake ambaye hamkumwona najuta zaidi. Kila nikimpa mwanangu mdogo maziwa naliona lile vumbi ulilolieleza.

Kesi inasomwa mwisho wa mwezi. Nenda kawaambie. Ukisema wewe watasikia.

Siafu


Kituo cha doria, 6 Mei

Dada,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi.

Lori la posho lilikatika ekseli, Breki akalala njiani karibu wiki nzima. Barua yako imenifikia siku mbili baada ya hukumu. Shemeji alikiri, kama alivyoniandikia. Hakimu alitaka kujua waya ulitambuliwaje, nikaitwa. Nilishika kitabu nikaapa, nikaeleza msokoto, kushoto, ncha ndani, nikasema ni wa ukoo wa mkewe na yeye alirithishwa. Hakimu alinisifu kwa umakini. Miaka miwili. Shemeji aliinamisha kichwa kunishukuru, Dada. Kunishukuru.

Sasa nikuambie kitu ambacho hakinipi usingizi. Barua ya shemeji ilisema alifunga mtego juu matawini, kwenye shingo. Twiga yule alinaswa mguuni. Mimi ndiye niliyeukata waya ule mguuni kwa koleo. Nilisoma nikajua hajui anachokisema, nikajiambia maumivu yamemchanganya. Nilitaka awe yeye. Yeye alioa kwetu tu, nikimfunga bado nitakuwa na kwetu. Ningefikiri hatua moja mbele ningekukuta wewe, kwa hiyo sikufikiri.

Nimesimama mlangoni kwa Mkuu mara mbili nikiwa na barua yako mfukoni. Mara zote mbili nimeomba ruhusa ya kitu kingine. Nikisema, watamtoa yeye na kukuchukua wewe, na watoto watabaki na baba asiyeweza kuinama kuwasha moto. Nami nitakuwa nimemfunga mtu aliyeninunulia viatu. Nimekuwa nikikuhubiria sheria tangu mwezi wa tatu, na leo mimi ndiye ninayekuomba unyamaze. Shemeji amekubali mwenyewe. Miaka miwili itapita. Nitakuletea nusu ya mshahara kila mwezi, mitego itupe mtoni, tusiseme tena.

Choma barua hii. Nijibu kwamba umekubali.

Kobe


Nyumbani, 9 Mei

Kobe mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako sikuichoma. Nimeona moto wa kutosha katika barua zako.

Nilikwenda kumwona shemeji yako juzi. Hawezi tena kusimama. Nyonga imeungana vibaya, na bado yuko kwenye sakafu ile ile ya rumande, analala kwenye yale maji ambayo ameniambia alikufanyia utani. Alinitazama akaniambia yuko salama, nisije mara kwa mara, nauli ni kubwa. Nilitoka nje. Miaka miwili haitapita, Kobe. Yeye hataimaliza. Ninyi wawili mmekubaliana kunihurumia, na mtu anayelipa huruma hiyo ni yule asiyeweza hata kumtazama kuku akichinjwa.

Nimekata shauri. Kesho asubuhi ninakwenda mahakamani. Najua watacheka, kwa hiyo nimebeba kipande cha waya. Nitasokota mbele ya hakimu kwa mkono wangu huu, halafu nitamwomba ampe na mume wangu kipande aone atakachofanya nacho. Kisha watakuita wewe tena. Watakuuliza msokoto ni upi. Usitazame paa. Nitazame mimi, useme ukweli, hata kama sauti itakukatika. Ukiapa uongo kwa ajili yangu sitakusamehe, na mimi unanijua.

Mume wangu akitoka atarudishwa hospitali, si nyumbani. Kwa hiyo watoto wanakuja kwako. Breki atawapakia mbele, wote watatu, watafika pamoja na barua hii. Mkuu akikataa watoto kituoni, tafuta chumba. Mkubwa anajifanya mtu mzima, usimwamini. Wa kati hukohoa asubuhi. Mdogo anaogopa giza na hatasema.

Watakuuliza kwa nini Mjomba anavaa sare na mama yuko ndani. Usinisafishe na usinichafue. Waambie mama alitega mitego ili wapate chakula, na kwamba alimwacha mnyama afe vibaya wakati angeweza kuzuia. Waambie yote mawili, kwa sababu yote ni kweli, na mimi nimeshindwa kuyapatanisha mpaka leo. Pengine wao wataweza.

Watalia sana siku ya kwanza. Waache walie. Wakimaliza watakuwa na njaa.

Dada yako,
Siafu